Kinu cha Alinafe

Kijiji kizima kilimsema mke wangu Enelesi kwa jambo moja: hakuazimisha kinu. Chumvi angekupa, kiberiti angekupa, jembe angekupa na mpini mpya juu yake. Kinu, hapana. Kwetu Dedza hilo si jambo dogo. Mwanamke anayenyima kinu huulizwa ameficha nini ndani yake, na wengine hata hawaulizi, wanasema tu. Walimsema karibu miaka miwili. Yeye alikipindua kile kinu kidogo karibu na mlango, akakifunika gunia, basi.

Sababu ilikuwa mjukuu wetu Alinafe. Mama yake, binti yetu Lavunesi, alikwenda Joni, huko Afrika Kusini, kutafuta kazi za ndani mtoto akiwa na miezi minane. Simu yake mwanzo ilikuwa inaita bila kupokewa, halafu ikawa haiiti kabisa. Mtoto akakonda. Wakubwa wa kliniki wakatupa vile vipakiti vya karanga zilizosagwa wanavyowapa watoto waliokonda, wakasema viwili kwa siku. Enelesi akampa. Midomo ya mtoto ikavimba kama ameumwa na nyuki, macho yakafunga, kifua kikaanza kulia filimbi. Tukamrudisha mbio. Mwenye daftari akatuuliza, "Mmemlisha nini huko kwenu?" Sisi! Halafu akatupa vipakiti vingine. Ilibidi mtoto akaribie kufa mara ya pili ndipo daktari mmoja mgeni, kule hospitali ya mjini, akasema mwili wa mtoto huyu unakataa karanga, na mayai pia, hata chembe iliyobaki kwenye chombo. Wenye elimu wanaita mzio. Wale wa kliniki hawakuja kuomba radhi. Wakubwa hawana mdomo wa radhi, wana mdomo wa kuuliza maswali.

Sasa mtu wa kwetu atampikia mtoto nini pasipo karanga? Mboga tunaziunga kwa karanga, uji tunauunga kwa karanga, hata maneno tukiweza tungeyaunga. Enelesi akakaa, akafikiri, akatunga chapati zake za maji: boga, karoti, mchicha, na unga wa muhogo aliotwanga mwenyewe katika kinu ambacho karanga haijawahi kukigusa. Mtoto akanenepa hadi akapata mikunjo ya mapaja.

Enelesi alikufa mwezi wa Julai, kwenye ile baridi. Kifua. Nilikimbilia kliniki kuomba gari la wagonjwa, nikaambiwa halina mafuta. Kesho yake, tukiwa tunachimba kaburi, nililiona likipita barabarani limebeba mabati ya nyumba ya mkubwa fulani.

Mimi si mzaliwa wa kijiji kile. Nilioa nikahamia kwao, ndivyo desturi yetu ilivyo. Nyumba niliyojenga ni yao, shamba nililolima miaka thelathini na moja ni lao, watoto ni wa ukoo wa mama. Mke akifa, wenyewe wanakaa, wanakunyoa, wanakushukuru, unarudi ulikozaliwa. Wa kutamka neno hilo alikuwa shemeji yangu Biziweki, kaka yake Enelesi. Matanga hayajapoa alinijia akakaa kwenye kigoda.

"Shemeji, hatukufukuzi. Acha baridi iishe, tutakaa tuzungumze."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wetu."

"Mnajua anakula nini?"

Falesi, mdogo wake marehemu, alikuwa anafagia pale. Akadakia, "Anakula wanachokula wanadamu."

"Ndiyo maana nikauliza," nikasema.

Biziweki akamtuliza dada yake kwa mkono. "Sikiliza, shemeji. Kama kweli hakuna mwingine wa kumlisha, hatutamtenga mtoto na mtu anayemweka hai. Utakaa naye."

Neno hilo nililishika kama mtu anavyoshika mzizi kwenye maji ya kasi. Nyumba ilikuwa kimya mno. Nililala upande wangu wa mkeka, ule mwingine sikuugusa. Kilichokuwa kinapumua pale ndani pamoja nami kilikuwa kile kitoto tu.

Unga aliouacha Enelesi ulitutosha wiki tatu. Nilikuwa nauchota kwa kijiko, najua ni mkono wake ule. Ulipokwisha nikapindua kinu nikaanza kutwanga muhogo mkavu. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walisimama kabisa, ndoo kichwani.

"Baba Lavunesi! Ukimaliza njoo unitwangie na mimi!"

"Muulize kama anasuka na nywele!" Falesi akapokea, akicheka.

"Nasuka, shemeji," nikamwambia, "ila kichwa chako kinataka fundi wa mikeka."

Wakaangua kicheko, wakaenda zao. Nilipochekecha, unga ukawa kidogo, nikauongeza na unga wa mahindi wa msaada tuliogawiwa kwa chifu. Nikapika kama nilivyomwona Enelesi akipika. Alinafe alikula moja na nusu. Nilikuwa namfuta kidevu nilipoona mdomo wa juu umeanza kunenepa.

Sitaeleza sana. Biziweki alimfunga mgongoni akapanda baiskeli, mimi nikakimbia nyuma yao na mapafu yangu ya uzee. Kliniki walimchoma sindano akapumua. Mwenye daftari akauliza, "Mmemlisha nini?"

Asubuhi yake nilibeba lile gunia la unga hadi uwanjani kwa chifu, nikalitupa chini mbele ya watu.

"Mnatuua! Mnatuletea takataka, mtoto karibu afe!"

Chifu akanitazama kwa upole, na upole wake ukaniudhi kuliko matusi. "Mzee Zakeyo, unga huu umeliwa na nyumba mia mbili."

"Hao wengine matumbo yao yamezoea takataka zenu!"

Hakuna aliyecheka. Biziweki alinishika kiwiko. "Twende nyumbani, shemeji." Tulipofika langoni akaniachia. "Nilisema utakaa naye kwa sababu wewe unaweza kumlisha," akasema. "Sasa nisemeje?" Akamchukua Alinafe, akampeleka kwa Falesi, mlango wa tatu.

Nikabaki nyumbani peke yangu. Nilikaa kizingitini, jua la saa nne likapanda, likapiga kinu. Kinu cha mti kikipata joto hutoa kilichomo. Nikasikia harufu. Mwanzo nilidhani inatoka kwa jirani. Nikainama, nikatia pua ndani. Karanga. Nikachukua mwiba nikachokoa ufa ulioko chini, ukatoka na mafuta yameganda, meupe.

Hapo nikaikumbuka siku ya mazishi. Nilikuwa nimekaa na wanaume ukutani, shuka begani. Uani wanawake walikuwa wanatwanga karanga za kuungia mboga za waombolezaji, vinu sita au saba. Kimoja kilikuwa na mlio mwembamba. Niliufahamu. Kilikuwa chetu. Na mimi, nihukumiwe kwa hili, nilifarijika. Nilisema moyoni, leo watu wameingia kwetu, leo kinu chetu kinalia pamoja na vya wenzake, leo hakuna wa kumsema. Sikuinuka.

Nilikwenda kwa Falesi. Alikuwa anapepeta maharage, mtoto kalala mgongoni kwake.

"Siku ya msiba nani alichukua kinu cha dada yako?"

"Mimi. Kwani ulikuwa kipofu? Nilipita nacho mbele yako kabisa." Akasimamisha ungo. "Nilikiosha mara mbili. Mtu atanyima kinu msibani?"

"Hapana," nikasema. "Hanyimi."

"Kwa nini unauliza?"

Nikamwambia nimeuliza tu.

Wakubwa ningeweza kuwalaumu kwa gari, kwa vipakiti, kwa gunia. Hili halikuwa na mkubwa. Nilirudi nikakipasua kile kinu kwa shoka, nikakichoma, halafu nikaenda mlimani kutafuta gogo la mninga. Mlinzi wa msitu akanidai kibali. Nikamwonyesha malori ya makaa yanayopita chini kule, nikamuuliza yale yana vibali vya rangi gani. Akatazama pembeni. Nikakata.

Nilichonga siku nne. Na siku zote nne nilikuwa na wazo moja. Sasa nilijua kosa lilikuwa wapi, na nilijua peke yangu. Nikitwanga katika kinu kipya, mtoto atakula kwangu salama. Akila kwa Falesi, siku moja atavimba, maana nyumba ile kila chombo kimepakwa karanga. Biziweki ataona mwenyewe. Atanirudishia mtoto. Nilihitaji kufanya nini? Kunyamaza tu. Nilikwisha kuonyesha kwamba kunyamaza naweza.

Siku ya tano nilikwenda kumjulia hali. Falesi alikuwa amemaliza kumenya karanga, maganda yapo mkekani. Alinafe akamkimbilia, mikono juu. Falesi aliruka nyuma kama mtu aliyeona nyoka, akakimbia kwenye maji, akanawa, akanawa tena hadi viwiko, akabadilisha kitenge, ndipo akambeba.

"Nimenawa, shemeji, usinitazame hivyo," akasema. "Huyu mtoto sijui yote anayoyakataa, lakini kufa kwangu hafi."

Alinafe akafukia uso kifuani kwake. Nikakohoa. Kilikuwa kile kikohozi cha Julai, kilichomchukua Enelesi, nimekuwa nacho tangu mlimani. Nikawaza, nikifa mimi, hili ninalolijua nazikwa nalo.

"Njoo kwangu kesho," nikamwambia. "Njoo na mikono mitupu. Usije na chombo chako hata kimoja."

Alikuja. Nikamketisha mbele ya kinu kipya.

"Kilichomvimbisha mtoto kilikuwa kinu cha dada yako," nikamwambia. "Si unga wa chifu. Ni karanga za msiba."

Aliweka mkono mdomoni. "Basi ni mimi."

"Ulipita nacho mbele yangu. Twanga."

Alitwanga muhogo, mimi nikachekecha kwenye chekecheke la Enelesi. Nilimwonyesha boga: unalichemsha na ganda lake ili lisinywe maji, unakomba nyama, unaiponda hadi ilainike, hiyo ndiyo inayoshika badala ya yai. Karoti unaikwaruza kwenye kile kipande cha bati tulichokitoboa misumari. Mchicha unaupitisha kwenye maji ya moto, unaukamua, unaukatakata mpaka usione jani.

"Unga kiasi gani?"

"Mpaka kijiko kikisimama kianguke polepole."

"Chumvi?"

"Ya nini? Huyu si mchoma makaa, hatoki jasho."

Akacheka, halafu akajizuia. Kikaango tulikifuta mafuta ya alizeti kwa kitambaa, tone tu. Moto wa bua moja moja. Unamimina kidogo, duara la kiganja cha mtoto, unafunika. Ikitoa vitundu juu unageuza. Ya kwanza Falesi aliivunja. Ya pili aliiunguza.

"Enelesi alikuwa na subira kuliko wewe," nikasema.

"Enelesi alikuwa na subira ya kuishi na wewe, chapati ni nini kwake."

Ya tatu ilitoka ya manjano, na madoa ya kijani, pembeni imekauka kidogo, katikati laini. Alinafe tulimkatia vipande virefu vya kushika. Alikula yote ya Falesi. Tulikaa tukimtazama mdomo, mimi na yeye, kivuli kikahama kutoka kwenye kinu hadi mlangoni. Hakuvimba.

Falesi alikuja akapika mwenyewe siku sita mfululizo. Siku ya saba Biziweki alikuja kumtazama, akapewa moja akala.

"Haina chumvi," akasema.

"Hukupikiwa wewe," Falesi akamjibu.

Biziweki alifuta vidole taratibu, akanigeukia. Niliona analitafuta neno na halipendi. "Shemeji," akasema, "umetufanyia wema mkubwa."

Ndivyo wanavyoanza. Jumamosi walininyoa. Walinipa jembe langu, mkeka, kuku mmoja, na shukrani ndefu. Sikutaka kulala tena pale, nikaondoka siku ile ile. Alinafe alikuwa mkekani na kipande chake cha chapati, anatoa nyuzi za mchicha moja moja na kuzipanga kwenye goti. Nilimwita. Akanionyesha goti.

Falesi alinisindikiza hadi kwenye mikaratusi.

"Shemeji, akija mtu kukiazima kinu?"

"Mnyime."

"Watanisema."

"Watakusema sana. Na siku ya msiba ulale nacho ndani, ufunge mlango."

Huku nilikozaliwa ninakaa kwenye kibanda cha mtoto wa dada yangu. Walionifahamu wamekufa, waliopo wananiita mgeni. Mkewe ni mtu mwema, kila jioni ananiletea mboga za majani ya maboga zilizoungwa karanga, nzito, tamu kama za zamani. Nikimaliza kula nakwenda kwenye mtungi, nanawa, nanawa tena hadi viwiko, nakung'uta mikono, nageuka. Uani hakuna mtu.