Mbwa Aliyekuwa Kipimo

Mbwa wagonjwa hawajui kunyamaza. Weka sita katika chumba kimoja cha kusubiri, na hata aliye hoi atapata pumzi ya kumtukana jirani. Kwa hiyo asubuhi ile mpimaji wa damu aliposukuma mlango wa kliniki, akakuta mabenchi yamejaa na hakuna anayebweka, mwili ulimsisimka kabla hajajua kwa nini.

Wote walikuwa wameelekea upande mmoja, kwenye mkeka wa Kipimo.

Kipimo alikuwa mbwa wa kliniki, mnene na mpole. Daktari alimwita mla bure, lakini alikuwa akimwonea. Moyo wa mbwa ukichoka na kutanuka humwaga homoni kwenye damu. Kadiri unavyoelemewa ndivyo homoni inavyozidi, na mashine ya mpimaji huihesabu. Ila mashine nayo lazima ionyeshwe moyo mzima ukoje. Zamani walitumia vichupa vya maji maalumu kutoka kiwandani. Vilipoadimika, daktari akasema, "Si tuna huyu hapa? Ni buheri wa afya." Tangu hapo, kila Jumatatu, mpimaji alimtoa Kipimo damu kidogo, akairekebisha mashine iite uzima kile ilichokiona humo. Wagonjwa wote wakalinganishwa naye.

Kwenye benchi la mwisho alikaa shangazi wa mpimaji, aliyemlea tangu mdogo, na miguuni pake mbwa wake, Bwana Mdogo. Jina hilo mbwa alilipata mume wa shangazi alipofariki, maana matanga hayajaisha alikuwa keshakirithi kiti cha marehemu, na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

"Umekuja tena, shangazi?"

"Safari hii sikuja, nimeletwa. Kanivuta njia nzima." Shangazi akamgusa mbwa shingoni. "Anakohoa, mwanangu. Akijinyoosha tu anashtuka kama aliyetumbukia majini."

"Nimeshampima mara mbili. Moyo hauna neno."

"Hiyo ni mashine yako inavyosema. Anayekaa naye ni mimi." Akashusha sauti. "Halafu hebu niambie, mbona hawa wanapumua pamoja?"

Mpimaji alitaka kucheka, kisha akasikiliza. Mbwa wote chumbani walivuta pumzi kwa pamoja, fupifupi, wakaishusha kwa pamoja. Aliyewaongoza ni Kipimo, pale mkekani, macho kayafumba, mbavu zikienda mbio mno kwa mbwa aliyejilalia.

Mganga hajigangi. Muda wote huo hakuna aliyekumbuka kumsikiliza Kipimo kifua. Mpimaji akapiga magoti, akaweka kifaa cha kusikilizia. Badala ya mapigo mawili akasikia matatu, yakikimbizana kama kwato, na nyuma yake mvumo wa maji. Akaogopa, akaogopa hasa, kwa sababu alielewa. Moyo ule ulikuwa ukifa polepole, na kila Jumatatu yeye, kwa mkono wake, alikuwa akiifundisha mashine kwamba kufa huko ndiko uzima.

Alikwenda maabara mbio. Nyuma kabisa ya friji walikuwa wameweka akiba kichupa kimoja cha kiwandani. Akairekebisha mashine kwa hicho, akapitisha damu ya Kipimo. Namba ikapanda hadi mashine ikakataa kuhesabu. Akachukua damu ya Bwana Mdogo iliyobaki tangu juzi, ileile aliyoiita safi. Haikufika ya Kipimo, lakini ilikuwa imepita mbali kiwango cha uzima.

"Usinitanie," daktari alisema alipoambiwa.

"Lini nimewahi kukutania?"

Walipotoka, Kipimo alikuwa amekata roho. Bwana Mdogo alikuwa amejiburuta hadi mkekani, akamlalia mgongoni kwa kidevu. Midomo yake ilikuwa imeingia rangi ya buluu.

"Kaniponyoka," shangazi alisema.

Mpimaji akambeba Bwana Mdogo. "Daktari, oksijeni, na dawa ya kutoa maji mapafuni, sasa hivi. Shangazi, ni mgonjwa. Alikuwa mgonjwa siku zote nilizokwambia mzima."

Shangazi akamfungua mbwa kamba shingoni. "Mponye kwanza," akasema. "Ugomvi wetu utasubiri."

Daktari alikuwa keshafungua mlango wa chumba cha matibabu, lakini hakuingia. "Na wale wengine?" akauliza. "Wale tuliowarudisha nyumbani?"

Mpimaji akageuka. Wale wengine walikuwa pale pale kwenye mabenchi, kila mmoja na mwenye mbwa aliyevutwa naye njia nzima; hakuna hata mmoja ambaye hakuwa amempima na kumpa cheti cha uzima. Walikuwa wameuacha mkeka. Walikuwa wanamtazama yeye, na bado walikuwa wanapumua pamoja. Akasikiliza ni nani anayewaongoza sasa. Kwa hofu akaizuia pumzi yake.

Chumba kizima kikaacha kupumua. Mikononi mwake, mbavu za Bwana Mdogo nazo zikatulia.

Mpimaji akavuta pumzi, ndefu kadiri alivyoweza, ili nao wavute, akaanza kutembea kuelekea chumba cha matibabu.