Waziri Alisema "Tumesikia"

Mkalimani wa wizara alikuwa akizungumza tangu saa tatu asubuhi, na sauti yake ilishaanza kukwaruza kama bawaba yenye kutu. Aliyeliona hilo ni balozi wa nchi rafiki. Akammiminia maji, akamsogezea glasi, kisha akaendelea kumweleza waziri: dawa za kisukari zitazidi kuja bure, mradi serikali ifunge mpaka na majirani waliogombana na nchi yake. Jibu litoke leo.

Mama huyo mkalimani akatafsiri yote bila kutikisika. Moyoni alikuwa akimwona dada yake mkubwa, anayeishi kwa sindano za dawa hiyo hiyo. Vimebaki vichupa viwili kwenye friji.

Waziri akakuna kidevu. "Mtu akikuazima sufuria, hakupangii wageni," akamnong'oneza. "Hilo usilitafsiri, mama." Kisha akapaza sauti: "Tumesikia." Akaaga, akawahi bungeni.

Balozi akatabasamu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza jikoni.

"Neno hilo nalijua! Mpishi wangu akimgombeza bintiye husema, 'Mtoto huyu hasikii!' Yaani hatii. Basi mmesikia, mmetii. Au sivyo, mama?"

Mkalimani akashika glasi yake. Angenyamaza tu, yangekwisha. Shehena za dawa zingekuja, dada angepata zake, na lawama za kesho zingemwangukia mwingine.

"Sivyo, Mheshimiwa," akasema. "Mtoto akisikia, ametii. Mtu mzima akikwambia amesikia, jua tu kwamba si kiziwi."

Balozi akacheka hadi akavua miwani. Alipotulia, akamtazama vizuri. "Ungeweza kuniacha nipotee."

"Umeninywesha maji. Nikupotezeje?"

"Una mgonjwa nyumbani?"

"Dada yangu."

Balozi hakusema pole. Alifungua daftari, akaandika lile neno la waziri kwa Kiswahili, herufi kwa herufi. "Nitawapelekea wakubwa wangu hivi hivi. Watabishana na kamusi miezi mitatu. Hadi hapo shehena za dawa zitazidi kuja."

Jioni dada akapiga simu. "Enhe, mdogo wangu, dawa ipo?"

"Ya miezi mitatu ipo."

"Na baada ya hapo?"

Mkalimani akatafuta viatu vyake.

"Umeshakula, dada?"

"Bado."

"Basi subiri nije nikupikie. Usijichome sindano ukiwa na njaa."