Viazi Vilivyoonja Baridi

Marjukka alikitafuna kile kiazi polepole, akameza, kisha akaweka uma chini. Nilijua tumekwisha.

"Viazi vina utamu," alisema.

Mimi nilikuwa nimeuonja utamu huo tangu Jumatano, nikaufunika kwa mchuzi wa nguruwe na kumwomba Mungu binti yetu asije Jumapili. Akaja. Huyu, hata theluji ifike madirishani, akishasema anakuja kutoka mjini Oulu, anakuja.

Kwetu hakuna asiyejua maana ya utamu ule. Kiazi kikikaa kwenye baridi iliyozidi hugeuka ladha kama kimetiwa sukari, na nyumba nzima hujua kuwa kuna mtu hakulifunga ghala. Ghala letu limechimbwa ndani ya kilima nyuma ya sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, na lina tundu moja la hewa kwenye dari. Vuli huachwa wazi viazi vipumue. Baridi kali ikianza, huzibwa. Anayeliziba ni mke wangu Saimi, wala si mwingine. Miaka arobaini na sita ya ndoa, kazi yangu ni kuchimba viazi na kuvibeba; nikifika mlango wa ghala nanyang'anywa kikapu. Na miaka yote hiyo hatukuwahi kula kiazi chenye utamu.

Krismasi Saimi alisahau birika la kahawa jikoni hadi likaungua. Marjukka alinivuta kando akaniambia, "Baba, kikitokea kingine kimoja tu, mama anakwenda nyumba ya wazee mjini. Silali kwa kuwafikiria nyie." Nilimjibu sawa, maana nilijua nitayaficha yatakayotokea. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na sahani ya viazi.

"Ni mimi," nilisema. "Niliingia ghalani kuchukua karoti, nikalizibua lile tundu, nikasahau."

"Wewe, baba? Ulizibua ya nini?"

"Kulikuwa na harufu."

Saimi alinigeukia kwa macho makali. "Harufu gani? Harufu yako mwenyewe! Nimekukataza mara ngapi kugusa tundu langu? Mwanamume hata vifungo vya shati anavikosea, leo amekuwa fundi wa hewa!"

Alinisema mpaka masikio yakawaka moto, na mimi nilifurahi, jamani. Wiki kadhaa alikuwa kimya mno, akitafuta majina ya vitu vilivyo mbele yake. Sasa maneno yalimtoka bila kujikwaa. Ningekubali kusemwa vile mpaka Pasaka.

Lakini Marjukka hakuwa akisikiliza. Alikuwa akiutazama mto mdogo ambao mama yake ameuegemea kitini.

"Mama, huo mto umeutoa wapi?"

"Huu? Mgongo unanisumbua."

Niliutazama na mimi. Wiki mbili alikuwa akiuegemea, nami sikuuliza. Ulikuwa na kuku mwekundu mwenye miguu mitatu. Marjukka aliushona shuleni akiwa na miaka tisa, na mama yake akasema mto mzuri hivi utalinda chakula. Tangu siku hiyo ndio ulioziba tundu la ghala kila baridi. Mimi ninayefukuzwa mlangoni nilikuwa nimeshausahau.

Saimi aliuvuta kutoka mgongoni, akaulaza mapajani, akampapasa kuku kwa kidole.

"Huu ni wa ghalani," alisema. Kisha, bila kuniangalia: "Taisto, uongo huuwezi."

"Nimejitahidi."

"Mimi ndiye niliyeutoa. Sikumbuki, lakini ni mimi."

Ng'ambo ya meza Marjukka alikuwa analia, yule yule anayejifanya mgumu.

"Usilie, mwanangu," Saimi alimwambia. "Viazi vikiletwa humu penye joto, baada ya wiki mbili utamu unaisha, vinakuwa kama zamani. Mimi sitakuwa kama zamani. Hilo nalijua, siku ninazojua. Lakini na mimi naomba mniache humu humu jikoni."

Marjukka hakutoa ahadi. Alijifuta uso, akavaa buti, akauliza, "Ndoo ziko wapi? Tuvitoe kabla ya giza." Kwa namna alivyo binti yangu, hilo ni jibu kubwa.

Ghalani, maji tunayoweka kwenye beseni kupimia baridi yalikuwa na utando mwembamba wa barafu juu. Tungechelewa siku mbili zaidi, viazi vyote vingeganda. Marjukka alivibeba ndani, ndoo baada ya ndoo. Mimi nilipandishwa juu ya kreti kama mtoto, nikapewa mto.

"Kuku atazame ndani," Saimi aliamuru. "Anza na kona. Siyo hivyo, we mzee! Kona!"

Nilisukuma kona. Upepo uliokuwa ukinipiga usoni ukakoma. Alikuwa ameushika mguu wangu nisianguke, na kazi ilipokwisha hakuuachia.

"Hii ni kazi yako sasa," alisema. "Nikisahau tundu, utaziba wewe. Na nikikusahau wewe, je?"

Nilishuka taratibu nikasimama mbele yake. Nampenda mwanamke huyu kuliko nilivyowahi kumwambia, na hata pale sikumwambia.

"Nitakuja kujitambulisha," nilisema. "Nitasema, bibie, mimi ndiye yule mjinga aliyeacha tundu wazi."

"Nitakusema mpaka masikio yakuwake."

"Wewe niseme tu, mama," nilimjibu. "Ndilo ninaloomba."