Kanyagio Lililofungwa Waya

Marehemu dada yangu alikuwa fundi cherehani, na binti yake alikuwa hakai. Mtaani walimwita Pilika, na jina hilo aliliitika upesi kuliko lile la darasani. Ukimtuma chumvi, alirudi na kibiriti na habari za paka aliyezaa. Ukimwambia akae, mwili ulikaa, miguu ikaendelea na safari.

Mwalimu alipochoka naye, dada alimpeleka kliniki. Daktari wa watoto aliuliza mengi, ya nyumbani na ya shuleni, mwisho akasema huu si utukutu wala malezi mabaya. Kuna watoto ambao akili zao hupata shida kutulia kwenye jambo moja. Dawa zipo, alisema, na wapo zinaowasaidia sana, lakini kwa huyu tuanze na mpangilio wa siku kwanza. Alale kwa wakati. Acheze mpaka atoke jasho kabla ya kushika daftari. Aambiwe jambo moja tu kwa mara moja, na akilimaliza asifiwe hapo hapo.

Dada alirudi anacheka peke yake. "Mdogo wangu, nilijua ataniambia nimemdekeza!"

Katika chumba chake cha kazi palikuwa na cherehani kuukuu ya miguu, ambayo kichwa chake kilikufa zamani. Dada alikifungua kichwa, akaukata mkanda, akaweka ubao juu. Ikawa meza ya Pilika. Baada ya kukimbia uwanjani mpaka shati lilowe, aliketi pale kusoma huku anakanyaga kile chuma cha chini, kra-kra, kra-kra, bila kushona chochote.

"Miguu ipate kazi yake," dada alisema, "kichwa nacho kipate yake."

Mama anashona huku, mtoto anakanyaga kule. Wateja walitania.

"Fundi, umeajiri?"

"Nani kaajiri? Huyu ndiye bosi. Mimi kibarua wake."

Kanyagio likinyamaza, dada alijua mtoto amepotea njiani. Hakugeuka wala hakufoka. Aliuliza tu, "Umefika wapi?" Pilika aliweka kidole kwenye mstari, na chuma kikaanza tena.

Sisemi ilikuwa raha. Siku moja alichukua mkasi akakata mkono wa suti ya mteja, kwa kuwa alitaka kuona ndani mna nini, na vifungo vikatapakaa sakafuni. Dada alitoka nje, akalia nyuma ya nyumba, akanawa uso, akarudi. "Haya. Jambo moja. Okota vifungo." Viliokotwa vyote. "Umefanya vizuri," akamwambia, na sauti yake bado ilikuwa na machozi. Polepole mtoto alijua kusoma. Mwalimu akaacha kumwita dada shuleni.

Kisha dada akaugua kifua, akaenda upesi.

Msibani Pilika alizunguka kama kawaida yake, akawakanyaga waombolezaji. Siku tuliyoondoa vitu vya chumba cha kazi, alisimama mlangoni akatazama vitambaa vikitolewa. Tangu hapo sikumwona akikimbia.

Kwenye kikao cha familia niliomba nimchukue. Waliniambia sina mume, na chumba changu ni kimoja. Baba yake, shemeji yangu, ni dereva wa lori, leo yuko huku, kesho mpakani. Wakaamua aende kwa shangazi yake, aliyekuwa mlezi wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu. Nilimweleza shangazi mtu mpangilio wote, tangu kukimbia mpaka kulala. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mama mdogo," akasema, "nimelea mabinti wa watu mpaka nimeota mvi. Hawa wa kurukaruka nawajua. Dawa yao ni kiti."

"Basi hiyo meza ya cherehani iende naye."

"Iende, kwa nini isiende? Ni meza nzuri."

Nilikwenda kuwatembelea muhula ulipofungwa. Shemeji alikuwepo, amepumzika safari. Pilika alikuja, akasema "Shikamoo, mama mdogo," akaketi na mikono juu ya magoti. Miguu ilining'inia kama ya mtu mwingine.

Shangazi mtu aling'aa. "Umemwona? Sikumpa hata kidonge. Wala hizo mbio zenu."

Ile meza ilikuwa pembeni, imetandikwa kitambaa cheupe, juu yake chombo cha maua. Niliinama. Kanyagio lilikuwa limefungwa waya kwenye mguu wa chuma, ukasokotwa kwa koleo.

"Lilikuwa linatutoboa masikio," akasema.

Nilimwomba Pilika alete kitabu asome kimoyomoyo. Alileta, akafungua katikati. Tuliongea ya jua na ya mvua, na ukurasa haukugeuka. Macho yake yalikuwa yamebandikwa mahali pamoja.

"Umefika wapi?" nikauliza.

Aliinua uso ghafla, kana kwamba aliyeuliza alikuwa nyuma yangu. Kisha akaona ni mimi.

"Sijui."

Nilimgeukia baba yake. "Shemeji, mtoto hasomi. Huu si utulivu, mtoto amefiwa. Nipe mimi, tafadhali."

Alikitazama kikombe chake. "Shemeji, mama yake alihangaika naye miaka yote. Dada yangu kamtuliza muhula mmoja. Nimwondoe niwaambie nini watu?"

"Waambie tu mtoto..."

"Mwacheni alipo."

Katika nyumba hiyo mimi nilikuwa mgeni.

Tulisogea kwenye meza ya chakula kunywa chai. Pilika aliketishwa karibu nami, mgongo umenyooka, uso hauna kitu. Ndipo chini ya meza nilipohisi kitu juu ya kiatu changu. Ulikuwa mguu wake. Ulikanyaga kwa kisigino, ukakanyaga kwa vidole, kisigino, vidole, ule mwendo wa chumba cha kazi, bila sauti. Juu ya meza hakuna kilichotikisika. Alikanyaga mpaka nikaumia.

Shangazi mtu alimimina chai, akamtazama kwa kuridhika.

"Umeona anavyokaa?"

"Nimeona," nikasema, na sikuuondoa mguu.