Katekisimu ya Jirani

Mume wangu Térence ni katekista wetu hapa Juru, kambi ya wakimbizi, na mimi nilijivunia hilo mpaka mwaka jana karatasi ilipoingia nyumbani. Ilituita mjini Mbarara kwa usaili, ili tuhamie Kanada. Térence aliitia kwenye nailoni, akaitundika ukutani mahali pa picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Yesu mwenyewe alipelekwa jikoni, ale moshi. Jioni tulisali rozari tukiitazama karatasi. Na mimi niliitazama, sijifanyi mtakatifu.

Tatizo lilikuwa mama yake, Concilie. Alikuwa akikohoa mwaka wa pili, na yuko kwenye kadi yetu ya familia. Watu walimjaza Térence maneno, kwamba mgonjwa mmoja akigunduliwa na daktari, familia nzima inabaki kambini. Jumapili alifundisha watoto wa komunyo amri ya kwanza, akawatisha kwa habari za hirizi na waganga mpaka mmoja akalia. Jumatatu akatukalisha mkekani, mimi na binti yetu Doriane wa miaka sita, akatufundisha majibu ya usaili kwa namna ileile ya katekisimu, swali na jibu.

"Concilie ni nani?"

"Concilie ni jirani yetu," tukajibu.

"Kwa nini yuko ku kadi yetu?"

"Alipoteza watu wake mu njia, bakamuandika na sisi kwa kosa."

Concilie alikuwa palepale mlangoni akichambua maharage. Wiki mbili, kila jioni. Doriane aliposahau, bibi yake ndiye aliyemkumbusha, bila kuinua uso: "Sema 'jirani', mujukuu wangu. Usiogope." Nilisikia hasira, na bado nikaendelea kujibu.

Siku ya usaili Concilie alibaki nyumbani, na Térence alitupitisha kwanza kanisani Nyamitanga, hapohapo Mbarara. Akawasha mshumaa, akaiweka karatasi kwenye ngazi ya altare, akaipigia magoti. Mama aliyekuwa akifagia akamuuliza kama hilo ni jina la marehemu wa kuombewa misa. Térence akaichukua karatasi yake, tukatoka.

Ofisini aliingia yeye kwanza pamoja na Doriane. Walitoka wakicheka, mtoto ana peremende mkononi, zawadi ya baba yake. Alikuwa amejibu vizuri. Kisha nikaitwa mimi. Karani aliitwa Stellah, dada mpole, kalamu tayari.

"Nyabo, mama, huyu mzee Concilie iko nani yenu?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nalijua kama Baba Yetu. Nikamkumbuka Yesu jikoni kwangu, uso umejaa masizi, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona hata kitubioni.

"Ni mama mukwe," nikasema. "Ndiye alimuzaa bwana yangu. Na Doriane, ni yeye alimupokea na mikono yake akizaliwa."

Stellah akaweka kalamu chini. "Lakini bwana yako amesema jirani."

"Amedanganya."

Faili letu likafungwa siku hiyohiyo. Térence hakunitukana wala kunipiga. Tukarudi Juru.

Nilidhani Concilie atanibariki. Nilipomweleza aliacha ungo wake, akanitazama kama mwizi. "Umemuharibia mwana wangu," akasema. "Mimi nilikuwa nimekubali. Nani alikutuma?"

 Niliingia ndani, nikaitungua karatasi ambayo Térence alikuwa ameirudisha ukutani, nikampangusa Yesu masizi kwa upindo wa kitenge, nikamrudisha mahali pake. Térence alikaa mkekani akanitazama bila kunizuia.

Hapo Doriane akaja mbio kutoka kucheza, jasho linamtoka, akasimama mbele ya bibi yake.

"Jirani," akasema kwa sauti safi, "nipe maji."

"Huyo ni bibi yako!" nikapiga kelele.

Concilie alishainuka. Alikohoa, akashika ukuta, akachota maji kwenye mtungi, akampa kikombe kwa mikono miwili. Mtoto akanywa yote. Kisha akamgeukia baba yake, akanyoosha kiganja, akingoja peremende.