Nafasi ya Jina

Mume wangu aliandika mabango kwa miaka thelathini na minane. Kama uliwahi kuishi mjini kwetu na ukanyoa nywele, ukanunua nyama au ukapeleka redio kutengenezwa, basi ulipita chini ya kazi ya mkono wake bila kujua. Watu walimwita Fundi Herufi, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa mtu wa kubishana na herufi. Nilikuwa nikimpelekea chakula karakanani namkuta anaigombeza S, "Wewe, simama vizuri, usinitie aibu mbele ya watu," nami nacheka peke yangu mlangoni.

Kisha zikaja mashine. Bango alilolifanyia kazi siku tatu, mashine inalitema kwa dakika kumi, tena na sura ya mwenye duka akiwa amechekelea mpaka jino la mwisho. Hakulalamika. Alifunga karakana, akarudi nyumbani na makopo yake, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha la jikoni. Sijui nieleze vipi kilichofuata. Alikuwa anakula, anaoga, anaitikia akisalimiwa, lakini mwenyewe hayupo. Mimi ni mkunga. Nimezoea kumtazama mtu usoni nikajua kama yupo nasi au anateleza, na mume wangu alikuwa anateleza. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Basi nikaomba likizo ya siku kumi na mbili, nikamwambia tunakwenda kwa mdogo wangu ziwani, na nikajiapiza kimoyomoyo kwamba sirudi mjini mpaka yule niliyeolewa naye awe amerudi.

"Kuna nini huko?" aliuliza.

"Kuna maji."

"Hata bombani yapo," alisema, akainuka kufunga mkoba.

Mdogo wangu ni mpima maji. Kila alfajiri anashuka mpaka kwenye nguzo iliyosimikwa ziwani, anatazama maji yamefika namba gani, anaandika kwenye daftari, anapanda tena nyumbani kunywa chai. Amefanya hivyo miaka kumi na tisa. Hajaoa, na sidhani kama amewahi kusema maneno ishirini bila kupumzika. Nyumba yake ni ya ofisi, vyumba viwili na jiko, imekaa juu ya jabali kiasi kwamba ukifungua mlango wa nyuma bila kuangalia unaweza kujikuta unaoga.

Na huko ufukweni hakuna mchanga hata wa kujaza kikombe. Ni mawe matupu. Majabali makubwa kuliko nyumba yamelaliana hovyo toka kwenye vilima mpaka ndani ya maji, na hayaishii hapo, maana ukichungulia unayaona yakiendelea kushuka chini, meusi, kisha ya kijani, kisha huyaoni tena. Yakilowa yanakuwa meusi, yakikauka yanakuwa ya majivu, na juu yameota ukoga wa rangi ya kutu. Miti michache imejibana kwenye nyufa, imepinda yote upande mmoja kwa sababu ya upepo. Ng'ambo kuna milima ambayo asubuhi ipo na mchana haipo. Mimi siyo mtu wa kuduwaa, lakini siku ya pili nilikaa pale nje na sahani ya kuosha mkononi, nikaja kushtuka povu limekauka. Nikajaribu kukumbuka leo ni siku gani. Sikuweza, wala sikujali.

Nilikuwa nimeficha makopo matano ya rangi na brashi zake ndani ya mataulo. Sikumwambia kitu. Niliyaacha wazi kwenye kona ya chumba, nikajifanya nina shughuli nyingi za jikoni. Siku ya tatu nikasikia anamuuliza mdogo wangu, "Shemeji, huna kipande cha plaiwudi?"

Vilikuwepo vipande vilivyobaki dari ilipotengenezwa. Akachukua kimoja, akatoka nacho, akakiegemeza kwenye jiwe. Mimi niliyachungulia yote hayo dirishani, roho juu, kijiko mkononi, kama mwizi.

Alichora siku mbili. Asubuhi anatoka kabla sijaamka vizuri, mchana anakuja kula kwa haraka, jioni anarudi na rangi mpaka kwenye nyusi. Hakuwa anaongea bado, lakini usingizi wake ulikuwa wa mtu aliyechoka, siyo wa mtu aliyekimbia. Nilimshukuru Mungu. Nilianza hata kumtania, nikamwambia kwa umri wake asije akateleza kwenye majabali nikalazimika kumzalisha upya.

Siku ya tano jioni alizipanga kazi zake nne ukutani zikauke, akatuita. Nakwambia zilikuwa nzuri. Mawe yalikuwa mawe, unayaona uzito wake. Maji yalikuwa yanapumua. Juu, anga ya samawati iliyofifia hadi kuwa nyeupe. Nilifungua mdomo nisifu, mdogo wangu akanitangulia, na ndiyo shida ya watu wasiosema. Siku wakisema, wanasema.

"Shemeji," alisema, "hapa katikati mbona hujapaka?"

Nikatazama. Kweli. Katika kila picha, kati ya mawe na milima, palikuwa na mkanda mtupu, umenyooka, upana wa kiganja, kutoka ukingo hadi ukingo. Ubao uliopakwa rangi ya kwanza tu, nyeupe. Picha zote nne. Alikuwa amechora juu yake na chini yake kwa uangalifu, akauzunguka bila kuugusa.

Mume wangu alisogea. Alizitazama moja baada ya nyingine, kisha akarudia tena ya kwanza. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi.

"Ni pa jina," alisema.

"Jina gani?" aliuliza mdogo wangu.

"La duka."

Miaka thelathini na minane unaanza na mahali pa maneno. Ndivyo anavyofanya kazi mwandika mabango. Kabla ya kuchora mkasi, kuku au kiatu, anapima kwanza nafasi ya jina, anaitunza, haruhusu rangi nyingine iingie. Mkono wake ulikuwa umefanya hivyo wenyewe, mbele ya ziwa zima, bila kumuuliza. Mimi nilicheka. Nilidhani naye atacheka. Nimejilaumu kwa kicheko hicho mara nyingi.

"Hata ziwa nimeliwekea nafasi ya bucha," alisema. Akaweka brashi chini bila kuiosha, akaingia ndani, akalala ameelekea ukuta.

Tangu nimjue sijawahi kumwona anaacha brashi bila kuiosha. Niliichukua nikaiosha mwenyewe kwa mafuta ya taa, jikoni, machozi yananidondoka kwenye kopo. Siku ya sita hakutoka. Siku ya saba pia. Alikuwa amerudi kwenye kiti cha dirisha la jikoni, ila safari hii bila kiti. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamwita majina. Aliitikia "naam" kwa adabu zote, na hiyo naam ilinikata maini. Nilihesabu siku zilizobaki nikaona nitarudi mjini na mzigo uleule niliokuja nao, mzito zaidi.

Alfajiri ya siku ya nane mdogo wangu aligonga mlango wa chumba chetu.

"Shemeji, njoo unisomee nguzo. Namba zimefutika na macho yangu siku hizi hayashiki."

Uongo mtupu. Macho ya mdogo wangu yanamwona siafu kwenye jiwe la ng'ambo. Lakini mume wangu, mtu wa watu hata anapozama, hawezi kukataa kumsomea mtu namba. Aliinuka, akavaa viatu. Nami nikajitupia shuka mabegani nikawafuata nyuma, nikishika mawe kwa mikono miwili maana yalikuwa na umande.

Hatukuona nguzo. Hatukuona hata maji. Ukungu ulikuwa umelala ziwani usiku kucha na haujaamka. Haukuwa umetanda kila mahali, ulikuwa umekaa chini tu, umenyooka kabisa juu na chini, mweupe, kutoka huku usikoona mwanzo mpaka kule usikoona mwisho. Chini yake majabali yametoa vichwa. Juu yake milima ya ng'ambo imesimama bila kushikwa na kitu. Hapakuwa na upepo. Sauti pekee ilikuwa ya maji yakilamba mahali fulani ndani ya weupe ule, taratibu, na hata hiyo sikuwa na hakika kama naisikia au naiota. Nilijisikia mwepesi. Nilifikiri, pengine bado niko kitandani.

Mume wangu alikuwa amesimama mdomo wazi. Alinyoosha mkono, akafumba jicho moja, akaupima ukungu ule kwa kiganja chake kama anavyopima ukuta wa duka. Upana wa kiganja, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Kumbe panakaa patupu tu," alisema.

"Kila siku ya utulivu," alisema mdogo wangu.

"Na hapaandikwi kitu."

"Uandike nini, shemeji? Ni ukungu."

Alicheka. Mume wangu, alicheka! Kicheko kile cha karakanani, kinachoanzia tumboni na kumalizikia kwenye kikohozi. Sauti ikaenda ikapotea kwenye ule weupe, ikaturudia kutoka kwenye majabali ikiwa imechelewa kidogo. Akanishika mkono, akaubana, akauachia, akapanda mbio kufuata rangi zake. Namba mdogo wangu alizisoma mwenyewe jua lilipotoka.

Zilizofuata ni siku nne ambazo siwezi kuzitenganisha. Nikizikumbuka zinanijia zote kwa pamoja, kama siku moja ndefu iliyokuwa na asubuhi nyingi. Aliacha kunyoosha mistari. Alipaka kwa vidole, kwa kipande cha gunia, kwa kisigino cha mkono. Alichanganya rangi na majivu ya jikoni kwangu ili apate ukali wa jiwe, nikamgombeza nikampa mengine. Upepo wa mchana ulipoyachafua maji, nilimsikia akiligombeza ziwa, "Wewe, tulia, nimekuangalia tangu asubuhi!" Niliposikia hivyo niliweka sufuria chini, nikakaa kwenye ngazi ya mlango nikalia vizuri, kwa nafasi.

Jioni alikuwa ananieleza. Kwamba nyeusi ya jiwe siyo nyeusi, ina urujuani ndani. Kwamba maji hayana rangi yake, yanaazima. Usiku aliota akipiga kelele za furaha. Mdogo wangu akaanza kuleta plaiwudi bila kuombwa, nikashuku kwamba anabomoa dari ya chumba chake, na ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya kumi na mbili gari la ofisi ya maji lilikuja kuchukua madaftari, na dereva alikuwa amekubali kutubeba hadi mjini. Nilikuwa nimefunga mikoba miwili tangu asubuhi. Nilishuka kumwita. Alikuwa juu ya jabali la mwisho kabisa, miguu majini, ubao magotini.

"Baba, gari limefika."

"Nimelisikia."

"Basi twende."

Hakunyanyua uso. "Mama," alisema, "mimi sirudi."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akarudia. Alisema amekwisha kuongea na shemeji yake, kwamba chumba kipo, kwamba mimi nimebakiza miaka miwili tu nistaafu, ni kesho hiyo. Alisema mjini kuna kiti kinamsubiri karibu na dirisha na akikikalia tena hatainuka. Yote hayo aliyasema kwa upole, na brashi ilikuwa inaendelea kwenda.

Nilipandwa na hasira, sifichi. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimkumbusha nani aliyemleta, nani aliyebeba makopo, nani aliyeosha brashi. Nilimuuliza mimi nitazungumza na nani jioni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alinitazama, macho yake yakiwa yamejaa, makali, yapo, macho ya kijana aliyekuja kuandika bango la zahanati yetu akachukua wiki nzima kwa maneno matatu ili apate kunisemesha.

"Nitakukosa sana," alisema. "Lakini hebu sogea kidogo. Umenizibia mwanga."

Nikasogea.

Nikapanda mpaka juu, nikatoa nguo zake kwenye mkoba, nikazikunja kitandani moja moja, nikamwachia mdogo wangu maagizo ya dawa yake ya presha. Nikaingia kwenye gari. Barabara inapanda kilima kwa kuzunguka, na kila kona ziwa lilikuwa linatokea tena, dogo zaidi, linang'aa, na kidoa cheusi kwenye jabali la mwisho. Sikujua naota au naona. Dereva alikuwa mtu mzima, mwenye heshima zake. Alinitazama kwenye kioo mara mbili, akapunguza mwendo.

"Pole, mama. Umefiwa?"

"Hapana," nilisema. "Mume wangu amepona."

Nikalia mpaka tukafika lami.