Nguzo Mbele ya Zahanati

Alikuwa bado ana povu la sabuni usoni wifi yake alipogonga mlango wa bafu na kumwambia kwamba jana jioni nguzo yake imekula mtu mwingine. Hakusema nguzo ya shirika la umeme. Alisema nguzo yako, kama anayelalamika kwa jirani kuhusu mbuzi wake.

"Amekufa?"

"Hajafa. Paja limevunjika. Pikipiki ndiyo iliyokufa."

Akajimwagia maji yaliyobaki na kutoka. Wifi yake alikuwa muuguzi msimamizi wa zahanati ya mtaa, dada mdogo wa mumewe, na tangu ahamie chumba cha nyuma nyumba ile ilikuwa haina tena asubuhi ya kimya. Walipendana kwa maneno makali. Huyu alimwita mwenzake mvivu huku akimpigia pasi sare yake ya uuguzi, na yule alijibu kwa kejeli huku akimfichia kipande cha mkate, maana mkate wenyewe ulizidi kuwa mdogo kila bei ilipopanda, na aliyechelewa mezani alikuta makombo.

Mtaani walimwita Mama Nguzo. Alikuwa msimamizi wa miradi ya ujenzi katika shirika la umeme: laini mpya, laini za kuhamishwa, transfoma za kubadilishwa, vibarua, malori, na vibali visivyo na mwisho. Jina hilo alilipenda, mpaka barabara ilipopanuliwa. Idara ya barabara ilileta mitambo yake, ikasogeza ukingo, ikamwaga lami hadi kwenye shina la kila nguzo, ikaondoka. Nguzo zaidi ya kumi zilizokuwa zimesimama pembeni kwa adabu zao zikajikuta katikati ya njia. Nyingi zilikuwa mahali palipo wazi, dereva aliweza kuzikwepa. Ya mbele ya zahanati ilikuwa kwenye kona, na mtu anayepanda kutoka chini haioni mpaka imeshamfikia kifuani.

Wakinywa chai, wifi alimsimulia yote: kijana mwenyewe alivyoletwa kwenye ubao wa mlango, na jinsi mama mmoja mjamzito aliyekuwa anasubiri vipimo alivyoondoka kwa hofu bila kupimwa. Kisha akamuuliza yeye mwenye mradi anangoja nini. Mumewe, mwalimu, aliinamia kikombe chake na kujifanya hasikii. Alikwisha kujifunza kwamba kati ya dada na mke hakuna nafasi ya refa.

"Nangoja wakubwa waelewane," alisema Mama Nguzo.

"Waambie na mimi nina vitanda vinne tu," wifi akajibu, akamsogezea kile kipande cha mkate.

Kazini alikuta gari lake la kazi halina mafuta, kwa sababu anayesaini mafuta alikuwa kwenye semina. Akapanda ghorofa ya pili kwa meneja. Siku ile alikuwa na kibali cha kuzima laini ya mtaa wao kuanzia saa tatu hadi saa tisa, ili kikosi chake kikate matawi yaliyokuwa yanagusa nyaya. Akaomba aruhusiwe kutumia muda huohuo kuihamisha nguzo moja, ile ya zahanati. Watu anao, lori la winchi analo, nguzo ya akiba anayo.

Meneja alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Alimsikiliza hadi mwisho, akampa pole kwa tukio la jana, kisha akamwambia kwamba suala hilo lipo ngazi ya juu. Idara ya barabara ndiyo iliyozifuata nguzo, kwa hiyo idara ya barabara ndiyo itakayogharamia kuzihamisha. Shirika likihamisha hata moja, litakuwa limekubali mzigo wote. Akamsihi akate matawi yake, awe na subira.

Subira alikuwa nayo tangu lami ilipokuwa bado ya moto.

Kutoka pale alikwenda kwa miguu hadi ofisi ya barabara, ng'ambo ya pili ya mtaa wa serikali. Ofisa aliyehusika alikuwa kijana nadhifu ambaye hakuwahi kumkosea adabu. Alimpa kiti na soda, akamkunjulia mchoro wa barabara mezani, akaushikilia pembe mbili kwa stepla na chupa ya gundi.

"Dada, angalia kona hii ya zahanati. Unaona nguzo hapo?"

"Sioni."

"Basi. Kwenye mchoro wetu hakuna nguzo. Barabara imekamilika, imekaguliwa, imepokelewa. Hizo nguzo zimeingia barabarani, na ni zenu."

"Zimeingia zenyewe," alisema Mama Nguzo. "Kwa miguu."

Yule kijana akacheka, kisha akaona haya. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hata yeye analijua jambo lenyewe, mama yake mzazi hupita pale, lakini yeye ni wa kuambiwa tu. Mama Nguzo hakumchukia. Kwenye mchoro wa shirika lake mwenyewe barabara ile ilikuwa bado ya vumbi na nyembamba, na nguzo zote zilikuwa pembeni. Kila ofisi ilikuwa na karatasi yake, na kwenye kila karatasi mambo yalikuwa shwari. Wao wa mtaani ndio waliokuwa wakipigwa danadana kati ya karatasi mbili.

Alipofika kwenye kona, laini ilikuwa imezimwa tayari. Kikosi chake kilikuwa kimeegesha lori la winchi karibu na uzio wa zahanati, nguzo ya akiba ikiwa juu yake kama siku zote. Kiongozi wao aliitwa Kocha, kwa sababu aliwaelekeza wapanda nguzo kwa kelele na mikono kama yuko kando ya uwanja, na hodari wao wa kupanda aliitwa Popo, ambaye juu ya nguzo alikuwa mcheshi na chini alikuwa hasemi kabisa. Saluni zilikuwa zimezimika, mashine ya kusaga imenyamaza, na mafundi wa kuchomelea walikuwa wamekaa juu ya mageti yasiyokamilika, wakimtazama kwa macho ya lawama. Alikuwa ameyazoea.

Aliisogelea nguzo. Jeraha jeupe lilikuwa kwenye mti, kimo cha kiuno, na chini yake ilibaki kandambili moja ya bluu. Hakuna aliyekuwa ameiondoa. Alisimama pale kitambo, magari yakimpita huku na huku yakimpigia honi kana kwamba naye ni nguzo. Kisha akaiokota ile kandambili, akaenda kuiweka kwenye ukuta wa zahanati, akamwita Kocha.

Kocha alimsikiliza, akakuna kidevu.

"Mama, kibali kinasema matawi."

"Najua kinasema nini. Laini imezimwa?"

"Imezimwa, imepimwa, na waya wa ardhi tumeufunga pande zote mbili."

"Basi ni salama kwa tawi na ni salama kwa nguzo. Wawili wakakate matawi, waliobaki tuchimbe. Mtu asiyetaka aende kwenye matawi, sitamwuliza kitu. Wakiuliza ni nani kaamua, ni mimi."

Kocha akawageukia vijana wake na kuwapanga. Hakuna aliyeomba matawi. Ilibidi awachague wawili kwa nguvu, na waliondoka wamenuna.

Nguzo mpya ilipaswa kusimama nje ya kona, kando ya uzio, na kwa kuwa nyaya zingeivuta kuelekea barabarani, ilihitaji waya wa kuishikilia nyuma. Sehemu pekee ya kuufunga waya huo ilikuwa ndani ya uwanja wa zahanati, katikati kabisa ya tuta la mboga ambalo wifi yake alilimwagilia kila jioni na kulilinda dhidi ya kuku wa mtaa mzima. Mama Nguzo aliingia kumwomba. Alimkuta anafunga bandeji, akamweleza kwa kirefu, akataja na hasara ya mboga.

Wifi hakuinua macho kutoka kwenye bandeji. "Chimba," alisema. "Ila ukiniachia shimo wazi nitakuchoma sindano ya ng'ombe."

Walichimba. Chini ya udongo laini kulikuwa na mwamba, na mtaimbo ulipogonga ulitoa sauti iliyowainua mafundi wa kuchomelea kutoka kwenye mageti yao. Mmoja alikuja kutazama, akaona wanavyosumbuka, akarudi na nyundo kubwa. Wenzake wakamfuata. Mwenye mashine ya kusaga, aliyekuwa amekuja kugomba juu ya unga wake uliokwama kinuni, alijikuta ameshika kamba ya kuongozea nguzo, akigombea na Kocha nani aseme vuta. Mama Nguzo aliwasogeza wote nyuma ya lori winchi ilipoinua nguzo, na hapo hakuruhusu utani hata kidogo. Nguzo ilipanda, ikayumba, ikaingia shimoni na kutulia. Alizunguka pande zote kuitazama kabla hajaruhusu washindilie mawe.

Popo alipanda, akahamisha nyaya moja baada ya nyingine. Zilikuwa fupi kwa mwendo mpya, zikaongezwa vipande na kubanwa. Waya wa kushikilia ulikazwa kwenye tuta la mboga mpaka ukaimba ulipoguswa. Kisha winchi ikaing'oa nguzo ya zamani polepole, na lami iliyokuwa imeikumbatia ikapasuka kama ganda la yai. Walilijaza tundu kwa mawe na zege, wakaweka mapipa kulizunguka likauke.

Umeme ulirudi saa tisa kasoro. Mashine ya kusaga ikanguruma na mwenyewe akakimbia. Gari la kwanza kupanda kona lilipunguza mwendo kwa mazoea, dereva akainama kutazama kulikuwa na nini, akapita moja kwa moja.

Simu ya meneja ilikuja wakiwa wanakunja kamba. Mtu wa idara ya barabara alikuwa amepita na kuona. Meneja alizungumza kwa upole uleule, ila sasa ulikuwa na baridi ndani yake. Alimwambia amewaweka pabaya, kwamba kwa kitendo kile shirika limekubali mzigo wa nguzo zote, na kwamba kuna njia moja tu ya kurekebisha. Nguzo irudi ilipokuwa.

Mama Nguzo alidhani hakusikia vizuri. Akamwomba arudie, naye akarudia.

"Bosi, ilipokuwa sasa ni barabara," alisema. "Kuitoboa lami ya watu lazima wao watupe kibali. Na wao kwenye mchoro wao hapajawahi kuwa na nguzo. Uwaombe ruhusa ya kuweka nguzo katikati ya barabara yao, mimi nitakuja kuichimbia mwenyewe."

Meneja hakuitaja tena nguzo ile. Alisema kuanzia Jumatatu miradi ya mtaa ule itasimamiwa na mtu mwingine, na yeye ataripoti stoo, kupokea na kutoa vifaa, mpaka hapo watakapoona vinginevyo. Nguzo zilizobaki zisiguswe na mtu. Akamtakia jioni njema.

Kocha alikuwa amesimama karibu, akisikia yote bila kutaka. Hakumpa pole. Alikwenda akamfungulia mlango wa mbele wa lori, kiti ambacho siku zote alikikalia yeye mwenyewe na hakumpisha mtu, lakini Mama Nguzo alisema atatembea. Lori likampigia honi moja fupi, likaondoka.

Akamsubiri wifi yake atoke zamu, wakarudi pamoja. Alimweleza habari ya stoo kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia bei ya nyanya. Wifi akamvua mkoba wa zana begani na kuubeba yeye. Ulikuwa mzito, ukampindisha, lakini kila alipoombwa aurudishe alikataa.

Mbele ya duka la vipuri, kwenye nguzo iliyofuata, mwenye duka aliwaita. Alikuwa ameona kazi ya kule juu, akampongeza kwa mikono miwili, kisha akauliza swali ambalo huenda mtaa mzima ulikuwa unaliuliza jioni ile.

"Na hii ya kwetu lini, Mama Nguzo?"

Alitaka kumjibu kama alivyojibu miaka yote, kwamba suala liko ngazi ya juu, wawe na subira. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akatazama nguzo, akatazama watoto wa mwenye duka waliokuwa wamekaa ukingoni mwa lami wakila mahindi, miguu yao iko barabarani.

"Mimi si wa nguzo tena," alisema. "Nenda ofisini kwetu. Ghorofa ya pili, mlango wa mwisho mkono wa kushoto. Pale ndipo ngazi ya juu inapokaa. Lakini usiende peke yako, utapewa kiti na maneno matamu. Mwambie wa kusaga, waambie wa kuchomelea, na wa saluni. Nendeni wote."

"Na ofisi ya barabara?"

"Iko ng'ambo tu. Mkitoka kwetu, vukeni."

Wifi akauhamishia mkoba bega la pili. Akauliza huyo meneja hufika saa ngapi, maana kesho yeye ana zamu ya mchana, na sare yake imeshapigwa pasi.

"Saa mbili," alisema Mama Nguzo. "Ila nyinyi fikeni saa moja. Kuna mlango wa nyuma, asije akawaponyoka."